Home Assistant: kadi ya GB 32 imejaa, nianze kufuta wapi?

pwani_sola (Nyali)

Salama wakuu. Nina Home Assistant OS (mfumo wa kusimamia vifaa vya nyumbani) kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 na kadi ya microSD ya GB 32. Mfumo wasimamia pampu na tangi la maji, inverta ya sola, AC mbili, soketi kadhaa za Zigbee (redio ya vifaa vidogo) na kamera ya geti. Sasa kila sasisho lagoma kwa sababu ya nafasi, na bakapu ya usiku nayo imefeli.

Kwenye Settings > System > Storage inaonyesha GB 26.3 zimetumika kati ya 28. Nimepima kwa terminali kwa `du -sh`, nikapata hivi:

`/backup` 8.7G
`/config/home-assistant_v2.db` 4.2G
`/config/home-assistant_v2.db.corrupt...` (jina refu lenye tarehe) 3.6G
`/media/geti` 1.1G
vilivyobaki ndani ya `/config` 0.3G

Jumla haifiki hata GB 18. GB 8 na ushei nyingine sizioni zilipo. Ndani ya `configuration.yaml` kuna `purge_keep_days: 60` (historia itunzwe siku 60), ndivyo alivyoiacha fundi aliyefunga mfumo. Programu za ziada zilizomo ni ESPHome (ya vidhibiti vidogo vya ESP), Zigbee2MQTT na Mosquitto (za Zigbee), InfluxDB (hifadhidata ya vipimo) na Samba (ya kushiriki faili).

Nifute nini, na kwa mpangilio gani? Sharti langu moja: grafu za umeme za mwaka mzima zisipotee, maana ndizo ninazotumia kulinganisha sola na tokeni.

---

fundi_tudor

Mpangilio ndio jambo kubwa hapa. Wengi hukimbilia hifadhidata kwanza, wakabonyeza repack (kulipanga upya faili la hifadhidata) ikiwa nafasi iliyobaki ni GB moja, kazi ikakwama katikati. SQLite, aina ya hifadhidata inayotumika hapa, inapojipanga upya huandika nakala mpya kando ya ile ya zamani, na kwa kukadiria kwa usalama yataka nafasi tupu hadi mara mbili ya ukubwa wa faili. Kwako ni GB 8.4, na wewe hata 2 huna.

Kwa hivyo anza na lile faili la `.corrupt`. Hilo ni hifadhidata iliyoharibika, kwa kawaida stima ikikatika wakati inaandikwa. Home Assistant ikiwaka na kuona faili halisomeki, hulibadilisha jina, huanza jipya, na la zamani hulala hapo milele. Halitumiki na chochote. Kwenye terminali:

`ls -lh /config/*.corrupt*`

Hakikisha limetokea hilo moja tu, kisha:

`rm /config/home-assistant_v2.db.corrupt.*`

Chunga usiache nafasi kabla ya nyota. Ukiandika `corrupt. *`, amri itafuta kila faili lililo kwenye folda uliyosimama. Na usiguse `home-assistant_v2.db-wal` wala `-shm` mfumo ukiwa unafanya kazi. Si takataka hizo, ni sehemu ya hifadhidata ambayo bado haijaingizwa ndani ya faili kuu.

Hapo umeshapata GB 3.6. Ingia kwenye bakapu sasa. Nenda Settings > System > Backups, pakua ile ya karibuni kwenye laptopu, halafu pakua ufunguo wa usimbaji uuweke mahali pasipo kwenye hiyo Pi. Bakapu za otomatiki za matoleo ya sasa zimesimbwa, na bila ufunguo hilo faili ulilopakua ni uzito mtupu. Ukishathibitisha limefika lote (linganisha ukubwa), futa za zamani, bakisha moja kwenye kadi.

Kisha weka idadi ya bakapu za kubakizwa, 2 au 3. Elewa kwamba kanuni hiyo hugusa zile za otomatiki peke yake. Ulizotengeneza kwa mkono zitabaki mpaka uzifute mwenyewe, na mara nyingi ndizo zinazojaza folda bila mtu kushtuka.

Sababu ya bakapu zako kuwa nene ni kwamba kila moja imebeba historia yote ndani yake. Hifadhidata ikikonda, bakapu nazo zitakonda.

---

mtwapa_admin

Hayo ya fundi_tudor nayaunga mkono. Naongeza kuhusu zile GB 8 zisizoonekana.

Terminali ya kawaida huonyeshwa folda chache tu: `/config`, `/backup`, `/media`, `/share`, `/ssl` na ndugu zake. Picha za Docker (vifurushi vya programu) za Core, yaani Home Assistant yenyewe, za Supervisor inayoisimamia, na za kila programu ya ziada hazimo. Data ya ndani ya programu za ziada, kama InfluxDB, pia haimo. Ukitaka kuona ukweli, chomeka kibodi na skrini kwenye Pi (ni micro-HDMI), kwenye alama ya `ha >` andika `login`, utapata mfumo wenyewe. Kisha:

`du -sh /mnt/data/docker`
`du -sh /mnt/data/supervisor/*`
`du -sh /mnt/data/supervisor/addons/data/*`

Hapo tazama tu, usifute kwa mkono ndani ya `docker`. Njia hii pia ndiyo ya kuokolea mfumo uliojaa kabisa hadi ukurasa haufunguki: bakapu ziko `/mnt/data/supervisor/backup`, na kuondoa faili moja la `.tar` hutosha kuuwasha tena.

Kwa makisio yangu sehemu kubwa ya hizo 8 ni picha za Docker zinazohitajika, hizo ziache. Vinavyoweza kupunguzwa ni viwili. ESPHome hubaki na mabaki ya ujenzi kwa kila kifaa pamoja na zana za kutafsiri msimbo. Kwenye menyu ya kila kifaa kuna chaguo la kusafisha faili za ujenzi. Ukilitumia, ujenzi unaofuata utachelewa kwa sababu unaanza upya, basi. InfluxDB nayo isipowekewa kikomo hutunza data daima. Kama unaitumia kwa Grafana (programu ya kuchora grafu) na miezi mitatu inakutosha:

`ALTER RETENTION POLICY "autogen" ON "homeassistant" DURATION 90d`

Jina la hifadhidata laweza kuwa tofauti kwako, tazama kwanza kwa `SHOW DATABASES`. Usitarajie nafasi irudi papo hapo safu kwa safu: InfluxDB hufuta kwa mafungu ya siku kadhaa, fungu zima likishapitwa na muda.

---

kadi_mpya

Mnamchosha bure ndugu yetu. Nunua kadi ya GB 128, rudisha bakapu, yaishe.

---

fundi_tudor

Kadi kubwa yaahirisha tatizo. Kasi ya kuandika itabaki ile ile, na uandishi huo ndio unaoua kadi kabla nafasi haijaisha. Tena kadi za bei ya kutupa zinazouzwa mitaani zimejaa bandia: imeandikwa 128, ndani ni 16, na ukipita hapo data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani bila onyo. Ukinunua, ijaze yote kwa `f3write` na uisome kwa `f3read` (au H2testw kwenye Windows) kabla ya kuitia kitu.

pwani_sola, tuonyeshe ni entiti gani (sensa au vifaa) zinazojaza hifadhidata. Weka programu ya SQLite Web na utie hii:

```
SELECT m.entity_id, COUNT(*) AS n
FROM states s
JOIN states_meta m ON s.metadata_id = m.metadata_id
GROUP BY m.entity_id
ORDER BY n DESC LIMIT 10;
```

Kwa GB 4 kwenye kadi ya SD itachukua dakika kadhaa. Usiibonyeze mara ya pili ukidhani imekwama.

---

pwani_sola

Shukran. Faili la corrupt limeondoka, bakapu imebaki moja, sasa nafasi tupu ni GB 11. Majibu ya ile amri, nimekadiria tarakimu:

sensor.inverter_grid_voltage 2,410,000
sensor.inverter_load_power 2,366,000
sensor.inverter_battery_current 2,190,000
sensor.tangi_umbali 1,705,000
sensor.inverter_pv_power 1,240,000
sensor.soketi_friji_power 690,000

Jedwali zima la `states` lina kama milioni 14.

---

bi_modbus (Changamwe)

Hapo jibu liko wazi. Entiti tano za juu ni karibu asilimia 70 ya jedwali zima. Gawanya ile ya volti kwa siku 60: ni rekodi elfu 40 kwa siku, yaani moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Home Assistant huandika hali inapobadilika, na volti za gridi hazitulii hata sekunde, hasa hizi zetu za pwani zinazopanda na kushuka jioni watu wote wakiwasha AC. 231.4, 231.7, 231.3, zote zaandikwa.

Tibu kwenye chanzo, kabla ya rekoda (sehemu ya Home Assistant inayoandika historia). Ukizuia kwenye rekoda peke yake, mtandao na kichakataji bado vinabeba mzigo.

Kama inverta inasomwa na ESPHome, weka vichujio kwa kila sensa:

```
filters:
  - throttle_average: 30s
```

Kwa wati na ampea wastani wa sekunde 30 watosha kabisa kuchora grafu. Kwa volti napendelea hii, inayotuma thamani ikibadilika kwa volti 2 au zikipita dakika 5:

```
filters:
  - or:
      - delta: 2.0
      - throttle: 5min
```

Bila ule mstari wa `throttle`, volti zikitulia usiku utaona sensa imenyamaza na hutajua kama ni salama au waya umechomoka. Kama unasoma kwa Modbus (itifaki ya kusomea inverta) ya Home Assistant yenyewe, ongeza `scan_interval: 30` kwenye sensa, ya kawaida ni sekunde 15, kwa hivyo mtu ameipunguza hiyo yako makusudi.

Tangi sasa. Sensa ya mwangwi hurukaruka sentimita moja au mbili kwa sababu ya mawimbi pampu ikimwaga maji, na mvuke ukiganda kwenye uso wake. Pima kila sekunde 12 na utume wastani wa kati wa vipimo vitano:

```
update_interval: 12s
filters:
  - median:
      window_size: 5
      send_every: 5
      send_first_at: 1
```

Hiyo ni rekodi moja kwa dakika, 1,440 kwa siku badala ya elfu 28. Lakini angalia: ikiwa pampu inazimwa na ESP hiyo hiyo kwa kutumia `on_value` ya sensa hii, kichujio kitaichelewesha nayo hadi dakika nzima. Tangi dogo lenye pampu kali litafurika. Katika hali hiyo iache sensa halisi bila kichujio, iwekee `internal: true` ili isitumwe Home Assistant, halafu tengeneza ya pili kwa `platform: copy` na kichujio ukitie huko. Ulinzi wa pampu ubaki na kipimo cha haraka, hifadhidata ipate cha polepole.

---

mtwapa_admin

Baada ya hapo ndio rekoda. Kwenye `configuration.yaml`:

```
recorder:
  purge_keep_days: 10
  commit_interval: 30
  exclude:
    domains:
      - update
    entity_globs:
      - sensor.*_linkquality
      - sensor.*_rssi
      - sensor.*_uptime
```

`commit_interval` ya kawaida ni sekunde 5. Kuiweka 30 hupunguza safari za kuandika kwenye kadi. Hasara yake ni kwamba stima ikikatika waweza kupoteza nusu dakika ya mwisho ya historia. Kagua usanidi kwanza, kisha washa upya.

Kuhusu hofu yako ya grafu za mwaka: kupunguza siku kutoka 60 hadi 10 hakuzigusi. Dashibodi ya nishati husoma takwimu za muda mrefu, zinazotunzwa kwa kila saa katika jedwali la `statistics`, na purge (ufutaji wa historia ya zamani) haizifuti. Zinazoondoka ni hali za kina na takwimu za dakika tano. Hatari iko kwenye `exclude`. Entiti ukiitoa kwenye rekoda, haitengenezewi takwimu mpya tena. Kwa hivyo sensa zote za kWh ziache humo. Za wati waweza kuzitoa ukipenda, na hata kama kWh zako zinakokotolewa kutoka wati kwa msaidizi wa integral, hesabu itaendelea, kwa kuwa husoma hali ya papo hapo na si historia.

Sasa kufuta kwenyewe. Developer tools, kichupo cha Actions, awamu ya kwanza bila repack:

```
action: recorder.purge
data:
  keep_days: 10
  apply_filter: true
  repack: false
```

`apply_filter` ndiyo inayofuta rekodi za zamani za vile ulivyovitoa kwenye `exclude`. Bila hiyo zitasubiri muda wake. Kwa milioni 14 za rekodi kwenye kadi ya SD hii ni kazi ya saa nyingi, hufanywa mafungu kwa mafungu, iache ilale nayo. Faili litabaki GB 4.2 vile vile. Ukimwaga maji mtungi haupungui: nafasi ya ndani imekuwa tupu na itatumiwa na rekodi mpya, lakini diski haijarudishiwa kitu.

Rudia ile hesabu ya `COUNT`. Ikishatulia, piga tena `recorder.purge`, safari hii `repack: true`. Wakati wa repack rekoda husimama na matukio mapya hupangwa foleni kwenye RAM, kwa hivyo usiwashe upya wala kuchomoa waya hata ukiona historia haisogei. Chagua saa ambayo stima yaaminika, au Pi iwe nyuma ya betri ya inverta.

Siku za mbele hutahitaji kufanya hivi kwa mkono. Purge hujiendesha kila usiku saa 10:12, na repack Jumapili ya pili ya mwezi. Hiyo repack ya otomatiki nayo yahitaji nafasi, ndiyo maana mfumo uliojaa haujiponyi wenyewe.

---

pwani_sola

Na kama repack ikigoma hata nikiwa na GB 11?

---

mtwapa_admin

Ifanyie kwenye laptopu. Simamisha Core kwa `ha core stop`, lakini kabla ya hapo hakikisha umefungua bandari ya SSH kwenye mipangilio ya programu ya terminali, kwa maana ukurasa wa wavuti utazimika pamoja na Core na utajikuta nje. Samba itaendelea kufanya kazi. Nakili `home-assistant_v2.db` (na `-wal` ikiwa bado ipo, zote pamoja), kisha kwenye laptopu:

`sqlite3 home-assistant_v2.db "PRAGMA integrity_check;"`
`sqlite3 home-assistant_v2.db "VACUUM;"`

Ya kwanza ikijibu `ok`, endelea na ya pili. Rudisha faili mahali pake, ondoa `-wal` na `-shm` za zamani kama zimebaki kwenye Pi, halafu `ha core start`. Zile mbili waweza kuzitoa sasa kwa sababu Core imesimama na `VACUUM` imeshaingiza kila kitu ndani ya faili moja.

---

bi_modbus

Picha za geti hazijaguswa. Home Assistant haifuti picha ambazo otomatiki yako imeziweka `/media`. Mwaka ujao zitakuwa GB 3. Weka:

```
shell_command:
  futa_picha_geti: "find /media/geti -type f -name '*.jpg' -mtime +14 -delete"
```

Iite kila usiku kwa otomatiki. Mara ya kwanza ijaribu kwenye terminali ukiweka `-print` badala ya `-delete` uone orodha yake.

Na usije ukashawishika kurekodi video mfululizo kwenye kadi hiyo. Kamera moja ya Mbps 2 ni GB 0.9 kwa saa, karibu GB 22 kwa siku. Hiyo ni kazi ya diski ya NVR (kinasa video cha kamera).

---

fundi_tudor

Ukishamaliza usafi, hamia SSD ya USB. Hata ya GB 120 ni kubwa kwako. Settings > System > Storage, vidoti vitatu, Move data disk. Kila kilichomo kwenye SSD kitafutwa. SSD isiwe imewahi kuwekwa Home Assistant OS bila kusafishwa, kwa sababu mfumo ukikuta sehemu mbili zenye lebo ile ile ya data huchanganyikiwa wakati wa kuwaka. Kadi ya SD usiitoe baadaye. Bado ndiyo inayowasha.

Mambo mawili huharibu kazi hii mara kwa mara. La kwanza ni pawa. Bandari zote nne za USB za Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2, na Pi yenyewe yataka adapta ya volti 5.1 na ampea 3. Zile UPS ndogo za ruta nyingi zina tundu la USB la ampea 2 au chini. Ukiunganisha Pi na SSD hapo, utaona diski inapotea na kurudi, na faili jipya la `.corrupt` limezaliwa.

La pili ni Zigbee. Bandari za bluu za USB 3 zikiwa na SSD hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, soketi zako zitaanza kukatika bila sababu. SSD iende bandari ya bluu, kijiti cha Zigbee kwenye nyeusi, na kitolewe mbali kwa waya wa kurefusha wa nusu mita au zaidi.

Pahali pa kuiweka pia, kwa kuwa uko Nyali: mbali na dirisha la upande wa bahari. Chumvi hula vichomeo vya USB kimyakimya, na dalili yake hufanana kabisa na diski mbovu. Kabla ya kununua SSD nyingine, chomoa, safisha vichomeo kwa spiriti ya isopropili, vikauke, urudishe.